Ramani ya bure inamlipa nani? Jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama data za ramani zinagawiwa bure, anayezikusanya anakula wapi. Nakujibu kwa niliyoyaona, maana mwaka 2015 nilikuwa kati ya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi tulioingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, Dar es Salaam.

Tulichora kata zinazokumbwa na mafuriko: nyumba, vichochoro, mitaro, vyote vikaingia OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Picha za juu zilipigwa na droni, lakini droni haioni mtaro uliofunikwa kwa zege, wala haijui kalavati lipi limejaa taka. Hayo unayafuata kwa miguu, na mjumbe wa shina mbele yako.

Kwenye kata ya Kigogo, mama mmoja alitugomea kabisa. Ukionekana na tepu na makaratasi mitaa ile, watu wanajua umekuja kuweka X ya bomoabomoa. Mjumbe alimbembeleza mpaka akatukaribisha sebuleni, akatuonyesha alama ya kahawia ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Maji ya Desemba 2011 yaliishia pale. Tukapima kutoka sakafuni: mita 1 na sentimita 30.

Kipimo kile kikibaki kwenye daftari langu ni stori tu ya mama. Kiweke na vya majirani, na mitaro, na mwinuko wa ardhi, unajua maji yanapita wapi na yanamkuta nani. Nyumba zile zile tulizochora ziliingizwa InaSAFE, programu iliyoanzia Indonesia, ikahesabu majengo yatakayoingia maji. Na vichochoro vile vile leo ndivyo ninavyompangia njia mteja wangu anayesambaza mitungi ya gesi. Mwaka 2015 nani alikuwa anawaza gesi?

Sasa linganisha na ofisi moja niliyoajiriwa baadaye. Tulipima upya mitaro ambayo ofisi jirani ilishaipima, kwa kuwa wao waliifungia kwenye PDF na kuomba faili ilitaka barua tatu. Hela ikatoka mara mbili kwa mtaro mmoja. Na yetu, usicheke, iliishia kwenye flashi ya bosi.

Kuhusu kula: siuzi data, nauza kazi juu ya data. Kusafisha, kuhakiki, kuchambua, kumfundisha mtu QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani. Ila soma leseni ya data za OpenStreetMap, inaitwa ODbL, kabla hujamwahidi mteja kitu. Biashara unaruhusiwa, lakini lazima uitaje OpenStreetMap, na ukiiboresha kanzidata yenyewe ukaisambaza hadharani, inabaki chini ya leseni ile ile. Siri za mteja, kama majina na namba za simu za wateja wake, ziweke kwenye kanzidata yako mwenyewe. Hazina kazi kule.

Ugumu uko kwenye kuitunza ramani. Mradi una mwisho, mtaa hauna. Ndiyo maana kwenye mkataba wa gesi nilipunguza bei kidogo, kwa sharti kwamba vijana wa mteja wananiambia kila njia iliyobadilika. Wiki iliyopita mmoja kanipigia akiwa na mtungi begani: "Bro, hapa pamejengwa ukuta." Nikakikata kile kichochoro kwenye ramani nikiwa bado kwenye chai, na jioni mwenzake akapitia upande wa msikitini bila kuniuliza.