Bega langu liliponzwa na mausi iliyokaa mbali

Mimi ni mhasibu, Dar es Salaam. Tarehe 20 ya kila mwezi ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, na wiki inayotangulia huwa siinuki kitini. Wiki moja ya namna hiyo bega la kulia likaanza. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Kufika Ijumaa moto ulikuwa unashuka kutoka shingoni hadi juu ya mkono, na asubuhi nikashindwa kufunga kilemba.

Nilisingizia kiyoyozi. Mama akasema baridi imeniingia, nichuliwe na mafuta ya karafuu. Nilichuliwa, nikalala vizuri usiku mmoja, Jumatatu jioni maumivu yakarudi yaleyale. Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Kabla ya kunigusa aliniambia nikae mezani kwake kama ninavyokaa kazini, kisha akauliza, "Dada, kiwiko chako kiko wapi?" Kilikuwa hewani, mbali na ubavu.

Sababu ni hii. Kibodi zetu zina sehemu ya tarakimu upande wa kulia, na mhasibu anashinda hapo. Sehemu hiyo inaisukuma mausi nje zaidi, kwa hiyo kila unapoishika mkono unatanuka pembeni na misuli ya kutoka shingoni kuja begani inakaza ili iubebe. Mkono si mzito, lakini unabebwa kutwa nzima. Nyoosha wako mbele sasa hivi, uuache hivyo dakika tatu, utanielewa.

Nilichofanya kwanza ni kuhamishia mausi mkono wa kushoto. Wa kulia unapiga tarakimu, wa kushoto unaendesha mausi, na hakuna mkono unaotanuka. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za tabu, nilikuwa nabonyeza ovyo, lakini sasa nimezoea kabisa. Siku za kuandika barua na ripoti naisogeza kibodi kushoto hadi herufi G na H zielekee kitovu changu, na mausi inarudi kulia, karibu, kiwiko kikigusa ubavu.

Meza nayo ilikuwa juu mno kwangu, maana mimi ni mfupi. Nilipandisha kiti hadi viwiko vikawa sawa na meza, miguu ikaning'inia, nikaweka chini yake rimu mbili za karatasi za A4. Ni kama sentimita 10 hivi, na zilikuwepo stoo bila kazi.

Nyumbani shida ni laptopu. Kioo na kibodi vimeungana: ukiinua kioo, mabega yanapanda, ukikishusha, shingo inainama. Nunua kibodi ya pembeni, hata ya bei ndogo, kisha pandisha laptopu juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Kwa maoni yangu hiyo inafaa kununuliwa kabla ya kiti cha gharama.

Simu usiibane kati ya sikio na bega, tumia spika. Chupa ya maji nimeihamishia kabatini upande wa pili wa chumba, ili kiu iniinue.

Haya yote ni ya bega lililochoshwa na ukaaji. Vidole vikifa ganzi, mkono ukigoma kuinuka, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, mwone daktari. Mwenye kisukari asipuuze bega linalozidi kukakamaa, kwa sababu ugonjwa wa bega kuganda huwapata zaidi watu wenye kisukari. Na maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yakija pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, usichue wala usingoje kupambazuke. Amsha mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo.