Ubeti huu ni wa nani? Kusikiliza nyimbo tukiwa wengi ndani

Wiki hii nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Mwanza. Ameniamkia kwanza, shikamoo dada, kisha akamwaga yaliyomjaa. Kuna wimbo anaupenda hadi unamtoa machozi, na kesho yake akiusikia dukani anatamani kukimbia. Wenzake wa ndani, maana naye kama mimi ni watu wengi katika mwili mmoja, wamegawanyika: mmoja anauomba kila usiku, mwingine akiusikia tu damu inamchemka. "Sasa wimbo huu una maana gani kwetu?" anauliza. Chini kabisa kaongeza swali kuhusu mchumba wake, amwambieje habari hizi. Hilo nitalifikia, ingawa linaniuma.

Marahaba, mdogo wangu. Umemuuliza mwenyewe. Yapo mambo mengi ya maisha haya ambayo bado tunayapapasa, lakini hili la nyimbo tumelifanyia kazi tangu utotoni na sioni haya kusema tunalijua.

Kwa msomaji mgeni: katika mwili huu tuko wengi. Mimi ninayeandika ndiye ninayekwenda kazini na kulipa kodi ya nyumba. Yupo Kabinti, ambaye hajavuka miaka saba na hana mpango wa kuvuka. Yupo Mlinzi, asiyesema ila kwa lazima. Yupo Bi Mkubwa, na adabu zake za kizamani. Wapo na wengine wasiopenda kutajwa. Madaktari wana jina lao, na hata hilo limebadilika: hadi mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulizungumzia haiba nyingi, kisha ukahamia kwenye utambulisho uliotengana. Hali hii imo pia kwenye orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa wengi chanzo ni mateso ya utotoni yaliyojirudia. Kwetu pia, na hapo nafunga mlango.

Kwetu Tanga hawakuita hivyo. Waliita pepo.

Nilikuwa bado shule ya msingi shangazi aliponipeleka kupungwa. Anayezijua ngoma za pepo za Pwani anajua kazi inavyokwenda. Kiti, yaani mimi, anafunikwa shuka, ubani unafukizwa, fundi, yaani mganga wa pepo, na wasaidizi wake wanaanza kuimba. Hawaimbi wimbo mmoja. Rohani ana nyimbo zake, kibuki ana zake, kila kabila la pepo na ngoma yake. Wanapita moja hadi nyingine huku macho yao yakiwa kwenye bega lako, shingo yako, vidole vyako. Wimbo ukimgusa pepo mwenyewe, anapanda kichwani, anaulizwa jina lake na anachotaka.

Waliimba hadi usiku mkubwa. Hakupanda mtu. Mlinzi alikuwa ametushika wote, ameuma meno, na mimi chini ya shuka nasikia joto, moshi, na sauti ya shangazi akiwaambia watu kwamba mtoto huyu mkaidi. Moshi ulitoka nguoni baada ya kufuliwa. Neno "mkaidi" halijatoka.

Hata hivyo nitawapa mafundi wale haki yao. Walijua jambo ambalo mshauri mmoja wa mjini, mwenye vyeti ukutani, hakulijua. Nilipomweleza kwamba wimbo uleule unatufikia tofauti kila mmoja, alitabasamu akasema nyimbo ni starehe, turudi kwenye mambo ya msingi. Nililipa pesa kuambiwa hivyo. Mafundi wa Tanga, bila cheti, walijua kila aliye ndani ana wimbo wake, na kwamba ukitaka kumjua lazima uimbe huku ukimtazama. Tulipoachana njia ni pale walipotaka mgeni ajitaje, apewe chake, atulie. Kwetu hakuna mgeni. (Na kwa anayeuliza kama basi waganga wote na wenye pepo wote ni wagonjwa: mwongozo wenyewe wa Marekani, toleo la 2013, unasema yale ya mila na dini ambayo jamii imeyakubali hayahesabiwi ugonjwa. Tusibishane tena.)

Elimu ya pili ilitoka kwenye redio kaseti ya shangazi huyohuyo. Tanga ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, ndiko sauti ya mwimbaji Shakila ilikosikika kwanza hadi nchi nzima ikaijua. Kaseti za Mombasa nazo zilivuka mpaka bila kusimamishwa, za mwimbaji Juma Bhalo zaidi. Pale Ngamiani tulikua na sauti hizo kuanzia mchana watu wanapojinyoosha baada ya chakula.

Sikiliza taarabu ya zamani ilivyotengenezwa. Ni shairi: ubeti mara nyingi wa mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, 8 kwa 8, halafu kiitikio. Kati ya ubeti na ubeti vyombo vinashika nafasi, fidla, udi, ganuni, muda wa kutosha mtu kujiuliza kama ameambiwa yeye au jirani yake. Mtunzi hataji jina. Anasema "wewe", basi. Huyo "wewe" huwezi kujua ni mwanamke au mwanamume, mtoto au mzee, yuko mtaa wa pili au yuko ndani ya kifua chako mwenyewe.

Na "mimi" wa wimbo ni nani? Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za binamu yake, Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita. Maumivu ya mmoja, koo la mwingine, machozi ya shangazi yangu ambaye hakuwahi kukutana na yeyote kati yao. Watu watatu wamekaa kwenye "mimi" moja na hakuna aliyeitisha ngoma. Basi nani wa kunizuia nikisema mishororo miwili ya mwanzo ni ya Kabinti na wa tatu ni wa Mlinzi?

Halafu kuna kutuza. Mtu ametulia zake kitini, ubeti unampata, anainuka na noti yake, anakwenda kwa mwendo wa kucheza hadi kwa mwimbaji, anatuza. Ukumbi mzima unajua kwa sasa wimbo ni wake. Ubeti unaofuata anainuka mwingine, labda hasimu wake. Wimbo haupasuki.

Hapo ndipo penye jibu lako, mdogo wangu. Usiulize wimbo una maana gani kwenu. Uliza nani kainuka.

Sisi tunafanya hivi. Tunasikiliza ubeti mmoja, tunasimamisha, tunatulia. Kwetu jibu huja mwilini kabla ya maneno: Kabinti akiguswa mikono inatafuta kitu laini cha kushika, Mlinzi ni taya, Bi Mkubwa hunyoosha mgongo na ghafla naona aibu nilivyokuwa nimekaa. Tuna kaunta buku, aliyeguswa anaandika mshororo wake na kalamu anayoitaka mwenyewe. Hati hazifanani, na asubuhi nikizisoma najifunza mambo ambayo nisingeambiwa kwa kuuliza. Ubeti kwa ubeti, usikimbie. Hata wimbo wa dakika tatu, ubeti kwa ubeti.

Usidhani lazima mguso utoke kwenye maneno. Bi Mkubwa alikaa kimya miaka mingi, tunamwona kama kivuli tu, hadi tuliposoma habari za Siti binti Saad. Mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu mjini, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na alipofariki mwaka 1950 alikuwa Siti, mpaka Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mtu mmoja, na jina la pili likawa ndilo la kweli! Bi Mkubwa aliinuka palepale. Kwa mara ya kwanza akatuambia anataka tumwiteje. Tangu siku hiyo santuri zile zenye mikwaruzo ni zake, hatuzigusi bila yeye. Bi Kidude naye ameziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, hadi alipotutoka mwaka 2013, na ukimsikiliza unajua maneno yametoka kwa Siti lakini kisa ni chake mwenyewe. Ukikopa ubeti hudaiwi.

Msije mkadhani nawauzia taarabu. Mlinzi hana habari nayo. Yeye ni singeli, ile ya uswahilini Dar, mapigo yanayopita 200 kwa dakika, na anasema kwa kasi ile hapati nafasi ya kukumbuka. Kabinti anataka nyimbo za kuruka kamba. Kila mmoja ana orodha yake kwenye simu na siku yake ya kuchagua tukiwa kwenye daladala. Mlinzi amenusa kwamba namwandika na anataka nifute. Sifuti.

Vijana wengi mnaoniandikia mnatafuta wimbo "unaotuhusu". Mnapekua usiku kucha, wimbo wa watu wengi katika mwili mmoja, na mkikosa mnasononeka kana kwamba hampo duniani. Acheni. Hata wasio kama sisi hawajaimbiwa. Wanainuka na kuchukua. Yule mama aliyeachwa, yule aliyepata mtoto baada ya kungoja, hakuna mtunzi aliyewauliza majina. Wewe unangoja mwaliko gani? Inuka uchukue. Na ukishachukua usiombe radhi kwa mtu kwamba ubeti wa mapenzi wewe umeusikia kama maneno ya dada kwa mdogo wake aliye ndani. Watu watacheka. Nimechekwa na watu niliowapenda, na bado nasikiliza.

Sasa huyo mwenzenu anayeuchukia wimbo. Naye ameinuka, ila hakuinuka kutuza. Msimwite mkorofi, nimeshakueleza neno la namna hiyo linavyokaa. Mwulize ni ubeti upi. Mara nyingi utakuta si wimbo wote, ni mshororo mmoja, au si maneno kabisa bali ni redio ya nani ilikuwa ikiupiga na siku gani. Kwetu upo wimbo mmoja wa harusi, mzuri sana, ambao hauchezwi nyumbani. Nafahamu kwa nini na sitasema. Aliyekataa amekataa, na kanuni yetu ni kwamba anayeupenda atangoja hadi yule mwingine akubali. Spika za masikioni hazisaidii, masikio ni ya wote.

Ukijikuta umenaswa katikati, wimbo umeshaanza na mtu wa ndani anatetemeka, zima, taja kwa sauti mahali ulipo na tarehe ya leo, shika kitu cha baridi. Kisha wekeni bashraf. Ni muziki wa ufunguzi wa taarabu, vyombo vitupu bila mwimbaji, na maneno yakiwa mazito huo ndio unaotupumzisha sote kwa pamoja, hata Mlinzi. Na kama kuna anayetaka kuudhuru mwili, hapo hatuzungumzii nyimbo tena. Nenda hospitali leo. Mwanza mna Bugando, wana idara ya magonjwa ya akili. Nenda, hata kama huko nyuma ulikutana na mtu wa kutabasamu kama yule wangu. Mimi nilirudi, nikapata mwingine aliyeomba kuliona kaunta buku, akalisoma kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa.

Sasa mchumba.

Wangu alikuwa kijana mpole, tumeshatolewa mahari, wazee wameshazungumza. Tukaenda harusi ya binamu yake. Taarabu imekolea, ukafika ubeti ambao Kabinti huungoja kila mara, wa mtu anayemhakikishia mwenziwe kwamba hakuna atakayewatenganisha. Nikainuka nikatuza kwa niaba yake, na machozi juu. Ulikuwa wakati mzuri kuliko yote aliyowahi kupata mtoto yule mbele za watu.

Mama mkwe alikuwa safu ya kwanza.

Fikiria ukumbi ulivyoona: mkamwana mtarajiwa kasimama mbele ya mama wa mume, noti mkononi, anatuza ubeti wa hakuna atakayetutenganisha. Mpasho gani ungezidi huo? Wanawake waliokaa karibu naye walipiga vigelegele, na vigelegele vile havikuwa vya kheri. Usiku ule nilimweleza mwenzangu ukweli wote, nani Kabinti, kwa nini ubeti ule. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Mahari ilirudishwa kabla ya mfungo wa Ramadhani.

Sijutii. Kabinti alistahili ubeti wake, na mwanamume anayekimbizwa na tafsiri ya mama yake angekimbia tu, kwa wimbo au bila wimbo. Lakini wewe mwambie wako mchana, mmekaa wawili, kwa maneno ya kawaida, na uwe tayari kwa maswali ya kijinga, kwa sababu yatakuja. Akibaki, ndipo umwekee wimbo na umwoneshe ubeti upi ni wa nani.

Na mkialikwa harusi ya upande wao, mama mkwe akiwa safu ya kwanza, tuza kwenye bashraf.