"Put off" si kuahirisha tu

Umeuliza kwa nini "they put off the meeting" ni kuahirisha kikao, halafu "the smell put me off" haina kuahirisha kokote. Kitenzi ni kilekile, angalia kinachosukumwa. Kikiwa kikao, safari au uamuzi, kimesogezwa mbele. Akiwa mtu, mara nyingi ametolewa hamu: alikaa mezani na njaa yake, harufu ikamfikia, akasukuma sahani pembeni. Ila "he keeps putting me off" huweza pia kuwa ananipiga kalenda, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Hapo muktadha ndio unaoamua.

Wengi wetu tunateleza kwenye kitenzi kinachofuata. Kiswahili husema "niliahirisha kumpigia", basi ile "ku-" inatuvuta kuandika "I put off to call him". Si sahihi. Ni "I put off calling him". Kosa hili nimelifanya miaka, na hakuna aliyenisahihisha!

Kiwakilishi nacho hukaa katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Nomino haina shida, iweke katikati au mwishoni. Na "put" haibadiliki wakati uliopita, kwa hiyo usitafute "putted".

Usiichanganye na "call off". Kikao kilichokuwa "put off" bado kipo, kitafanyika siku nyingine. Kilichokuwa "called off" kimefutwa.