Mkono Hukatwa Mwisho

Wadogo zangu mnaopunguza nguo za mtumba, wiki hii nimeona tena fundi mchanga akiua gauni. Mteja kalalamika kiuno kinapwaya sentimita nne. Yeye kaingia sentimita mbili kila ubavu, kakata, kapiga ovaloki. Zimeondoka nane! Mshono wa ubavu una mbele na nyuma, jamani. Ingia moja tu kila ubavu, nne zimeshatoka.

1. Fua kabla ya kupima. Nguo iliyokandamizwa kwenye belo haijaonyesha umbo lake bado.

2. Anza na bega. Hapa nitakaa kidogo, maana mnapenda kuanza na kilicho rahisi, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Nilikuwa sijamaliza hata kujifunza, ila najiona nimeiva. Dada mmoja akaniletea koti la sufu la miaka ya 1980, lile lenye mabega ya mwanajeshi, alitaka kulivaa kwenye sendofu ya mdogo wake. Nikamvalisha. Mikono ikamfika kwenye vidole. Nikaona hiyo ndiyo kazi nyepesi: nikapiga chaki kwenye kifundo, nikakata, nikapinda, nikarudisha bitana, kile kitambaa cha ndani, nikapiga pasi. Nikaitundika ukutani wapita njia waione. Ndipo nikafumua mabega, nikatoa pedi, nikasogeza mshono wa mkono ndani sentimita tatu ili bega likae kwenye mfupa wake.

Ukisogeza bega ndani, mkono mzima unapanda nalo. Hilo hakuna aliyenificha, sikuuliza tu. Mwenye koti akaja kujaribu jioni, siku moja kabla ya shughuli, na mikono ikaishia juu ya kifundo kama ya mwanafunzi aliyerefuka likizo. Akajigeuza kwenye kioo, akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma: “Fundi, hili umenishonea mimi au mwanangu?” Nikafumua pindo nirefushe. Ndani nilikuwa nimebakiza nusu sentimita, nikiita huo usafi wa kazi. Vipande vilishafagiwa, na sufu ile iliyopauka kwa miaka huwezi kuzunguka Kariakoo ukapata ya kufanana nayo. Nikapendekeza mikono ya robo tatu, nikauita mtindo. Akachukua koti lake bila kunijibu. Hela ya kazi sikudai. Kwenye sendofu nikasikia alivaa kitenge.

Kwa hiyo: mabega, kisha ubavu na mgongo, kisha pindo la chini, mkono mwisho. Na kila hatua piga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza tu, mvalishe mteja, aketi, ainue mikono kama anayeshika bomba la daladala. Akisema panabana kwapani, shukuru kwamba mkasi bado uko mezani.

3. Acha akiba kwenye mshono. Juzijuzi tu kila suruali ilikuwa lazima iwe modo, ya kubana mguu, mkawa mnabana bugaluu za watu na kutupa kitambaa. Sasa bwanga, suruali pana, limerudi, wateja walewale wanataka kuachiwa. Mtaachia nini? Mimi huacha sentimita mbili ndani, nikikunja na kupiga pasi hazionekani.

4. Jinzi nzito sindano namba 16, fulana sindano ya ncha butu. Mnaovunja sindano na kulaumu cherehani mnanichosha.

5. Kabla ya kurefusha suruali ya zamani, funua pindo kidogo uangalie. Palipokunjwa huwa na rangi iliyokolea kuliko pengine, na mstari ule haufutiki kwa sabuni wala kwa maombi. Muonyeshe mteja, aamue mwenyewe. Wengine wanaupenda, vijana hasa.

6. Bei itajwe kabla hujagusa bitana. Mtu kanunua koti kwa elfu tano, halafu kulipunguza bega ni elfu kumi na tano, lazima ashtuke. Ashtuke akiwa na koti zima mkononi, aweze kuondoka nalo.