Kilwa na wanafunzi: tazama mwezi kabla ya kukodi mashua

Mwalimu, futa hiyo Jumamosi.

Umeandika kwamba unawaleta wanafunzi 30 wa kidato cha tatu mkoani Lindi kwa siku mbili. Jumamosi saa 4 asubuhi mnafika Songo Mnara, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, mchana Kilwa Kisiwani, jioni Kilwa Kivinje, Jumapili mnakwenda Tendaguru kuona mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria). Ukauliza pia malazi, chakula, na kama Lindi mjini kuna cha kuwaonyesha watoto. Mimi nilipofika hapo kwenye "saa 4 asubuhi Songo Mnara" nilisimama. Nimefungua kalenda, tarehe uliyotaja mwezi ni mpevu. Hiyo ni bamvua, maji hujaa sana na kutoka sana kuliko siku nyingine. Na katika pwani yetu, siku ya bamvua maji hukupwa hadi mwisho kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Utafika na watoto 30 saa ileile ambayo bahari imeondoka.

Ratiba yako inafanana na niliyopewa mimi miaka mitatu iliyopita, kituo kwa kituo. Niliuziwa na dalali wa safari wa Dar ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga tope la Songo Mnara. Nilimuuliza swali moja tu la bahari: "Kule panafikika saa ngapi?" Akanijibu: "Saa yoyote, mwalimu, mashua ina injini." Nikaridhika. Mimi ni mtu wa bara, nimekulia mbali na bahari, nikadhani injini ndiyo inayojibu swali hilo.

Tulikuwa na wanafunzi 22 na walimu watatu. Siku ya nne baada ya mwezi mpevu, mwezi Agosti, kusi inavuma. Tuliondoka gatini Kilwa Masoko saa 2 asubuhi, tukafika karibu na saa 4, kila mtu ameloa mgongo. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, lakini bado yalitosha mashua kuingia kwenye upenyo wa mikoko. Nahodha alikuwa kijana aliyepewa kazi kwa simu asubuhi ileile, akasema tushuke haraka haraka. Sikumuelewa. Nilidhani ana abiria wengine.

Saa tatu za kwanza zilikuwa safi kabisa, sitadanganya. Songo Mnara ni mji mzima umelala pale: kuta za mawe ya matumbawe, misikiti mitano, jumba la kifalme, nyumba zaidi ya 30 ambazo bado unaona mlango ulikuwa wapi na ua ulikuwa wapi. Mtoto akisimama ndani ya chumba kile anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba waliojenga ni watu waliokuwa wakiishi, wakila, wakilala. Tulikula chakula chetu chini ya mbuyu. Saa 7 nikasema twendeni, Kisiwani kunatusubiri.

Mashua ilikuwa imepwelewa. Imelala ubavu juu ya tope, na mbele yake hakuna bahari, ni tope na mizizi ya mikoko mpaka unachoka kuangalia. Nahodha amekaa juu ya ukingo wa mashua anasubiri, hana haraka, maana yeye alijua tangu asubuhi. "Maji yanarudi saa 10," akasema. Saa tatu za jua bila maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu tulibeba ya nusu siku. Mwanafunzi mmoja alishuka topeni kujaribu kusukuma, chaza ikamchana kisigino, tukamfunga kwa kitambaa cha sare. Wanakijiji ndio waliotuokoa. Mama mmoja alileta ndoo ya maji na muhogo wa kuchemsha, akakataa pesa. Kila nikikumbuka safari ile namkumbuka yeye kwanza.

Tuliondoka saa 10 na nusu. Tunapita mbele ya Kilwa Kisiwani, giza limeshaingia. Basi tulikuwa tumelikodi kwa siku mbili, dereva lazima aondoke saa 11 alfajiri. Hapo ndipo hasara yangu ilipo, Mwalimu. Laki tatu na nusu za ziada nilizomlipa mwenye mashua zilishasahaulika. Kilichoniuma ni kwamba watoto 22 walisafiri zaidi ya kilometa 300 wakaiona Kilwa kama kivuli.

Nilikuwa nimeandaa somo. Ningewaanzisha kwenye Msikiti Mkuu, sehemu ya kaskazini ya karne ya 11, kisha wahamie chini ya kuba za upanuzi wa baadaye wahesabu wenyewe nguzo. Ningewapeleka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, niwakalishe ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane. Pale ningewaambia kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331 akamkuta sultani huyo huyo, kwamba dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita hapa, na kwamba sarafu yenye jina lake imeokotwa Great Zimbabwe. Hata kaskazini mwa Australia, kwenye visiwa vya Wessel, zimepatikana sarafu tano za Kilwa. Mtoto akisikia hayo akiwa amekaa juu ya jiwe lenyewe hawezi kusahau. Wangu waliyasikia ndani ya basi, wamelala, miguu imejaa tope.

Nilipompigia dalali akasema, "Mwalimu, bahari ni ya Mungu." Hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Bahari ni ya Mungu, lakini saa zake anazijua kila mtoto wa mvuvi pale Masoko. Yeye alichukua kamisheni kwa kazi ya kujua, hakujua, na hakuona haja ya kuuliza.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utayaacha: tarehe ya Songo Mnara hupangwa kwa mwezi. Sogeza safari wiki moja mbele. Wiki baada ya mwezi mpevu ni maji mafu, hayajai sana na hayakupwi sana, na yanajaa asubuhi, karibu na saa 4. Ondokeni Masoko saa 1, mfike saa 3 maji yakiwa bado yanapanda, saa 6 muwe mmeshapanda mashua kurudi. Kumbuka kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo basi likiharibika njiani mkalala Nangurukuru, hesabu ya jana haifai. Na usimuulize mtu wa Dar. Piga simu kwa nahodha anayefanya kazi pale gatini, swali la kwanza liwe "siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Akikujibu bei kabla ya kukujibu maji, tafuta mwingine.

Kisiwani ipe siku yake peke yake. Kuvuka kutoka Masoko ni dakika chache na mkondo ni wa kina, unavuka wakati wowote. Ila Husuni Kubwa iko pembeni, maji yakiwa yamekupwa mtatembea kwa miguu, na jua la mchana pale halina huruma. Kibali na tiketi zinalipiwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Waambie watoto wasipande kuta: magofu haya ni Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 yakatolewa 2014, kwa kazi kubwa ya ukarabati.

Kivinje saa mbili zinatosha, waonyeshe Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu, na uwaeleze habari za Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga wakamnyonga mwaka 1895.

Tendaguru toa kabisa. Ni kilima porini, hakuna mfupa wa kuona. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wetu wakaibeba mifupa kichwani hadi Lindi, na yule mjusi mkubwa, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimamishwa Berlin. Hilo ni somo la darasani, na ni somo zito, lakini usiwachoshe watoto siku nzima ya barabara kwa ajili ya kichaka.

Niandikie tarehe mpya hapa hapa nikuhesabie saa za maji kabla hujalipa hata senti. Na watoto wavae viatu vya kufunga kamba, wasije na ndala. Tope la mikoko linazivua.