Mkuu futa hizo herufi kubwa kabla hujatuma hiyo barua yako ya Kiingereza ya kuomba kazi hotelini

Usitume. Eti "I am an Honest, Hardworking and Reliable tanzanian with good english" na unasema ticha wa tuisheni ndo kakwambia sifa zako zianze na herufi kubwa ili bosi wa hoteli azione fasta. Tumbo limenikata, maana hayo mafundisho mimi nilishayalipia ada.

Nilikuwa najibu imeili za wageni kwenye kampuni moja ndogo ya utalii Arusha. Ticha wetu wa kozi ya jioni, jamaa wa tai na viatu vinang'aa, alitukaririsha kwamba kivumishi cha sifa nzuri kinapewa herufi kubwa, ni heshima, wazungu wanapenda. Basi nikawaandikia Wajerumani fulani "Our Honest Driver will meet you at the airport". Sasa huku kwetu Moshi na Arusha watu wanaitwa Honest, Innocent, Goodluck, mtaa mzima, na Mjerumani kwenye lugha yake nomino zote zinaanza na herufi kubwa, vivumishi vinabaki vidogo, kwa hiyo akiona H kubwa pale anasoma jina la mtu, hana hata haja ya kuuliza. Dereva kafika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kibao chake, mgeni anamuuliza "Are you Honest?" Jamaa bila hiyana akajibu no, I am Juma.

Wakagoma kupanda. Mgeni anaambiwa kila siku ahakikishe jina la dereva kabla ya kuingia gari asilolijua, wala sikuwalaumu, wakachukua gari la watu wengine na Serengeti wakaenda na hao hao. Bosi akanikata mshahara. Juma mpaka leo akiniona anauliza "kwani mimi siyo honest?" na mimi nacheka tu, ningefanyaje, nilie stendi?

Ticha ada kala na cheti kagonga muhuri. Cheti chenyewe kimeandikwa "english Course", ningekuwa na akili ningetoka nduki siku ile ile.

Sasa shika hii moja: kivumishi cha Kiingereza ni herufi ndogo hata kiwe kizuri vipi, labda kiwe kimeanza sentensi. Kinachopewa kubwa ni kile kilichotokana na jina la nchi, bara, watu, lugha au dini, kama Tanzanian, African, Maasai, Swahili, Muslim. Wewe umegeuza bana, sifa zako umezipandisha cheo halafu nchi yako umeishusha. Na usitegemee kompyuta ya steshenari, english ndogo itaipigia mstari mwekundu lakini Honest kubwa inapita kimya kimya kwa sababu spelingi iko sawa, na wale wanaokutaipia nao huwa wanakuongezea herufi kubwa za bure ili ukurasa upendeze.

Ile ya mpangilio wa vivumishi uliyouliza, ukubwa kwanza, kisha umri, kisha rangi, a big old white car, mengine wajuzi watakuja.

Andika hivi: "I am an honest, hardworking and reliable Tanzanian with good English." Hiyo an uliipatia, h ya honest haitamkwi, kwa hiyo usije ukaitoa kwa sababu ticha kasema.