Barua kwa Mwanangu: Bwana Msa na Msimu wa Mvua

Newala, Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeniuliza wanao waanze na kitabu kipi katika visa vya Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni, kwa kuwa unataka kukinunua mapema wakimalize kabla hawajaja kwangu likizo ya Desemba. Nitafika kwenye kitabu, lakini kwanza nina neno juu ya wakati wa kukisoma, maana naona hilo hukuliuliza na ndilo kubwa zaidi.

Hivi sasa ni kipupwe. Asubuhi ukungu unalala juu ya mikorosho hata mtu aliye mstari wa pili humwoni, na upepo wa kusi ukianza kuvuma hauna huruma na mifupa yangu. Mikorosho inachanua, na huu ndio wakati wa kupuliza salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiunguze maua. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, kwa hiyo ikifika usiku macho hayana nguvu ya kusoma hata ukurasa. Baada ya hapo zitaanza kuanguka korosho, na tutaokota, tutaanika na kuzipeleka ghalani tukikimbizana na mvua, kwa sababu korosho iliyonyeshewa hushuka daraja. Ninyi mlioko Arusha mna vuli na masika. Huku kusini tuna msimu mmoja tu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hupumzika kidogo kati ya Januari na Februari, kisha huendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ndani ya msimu huo, jioni ambayo maji yanapiga bati na hakuna anayeweza kutoka, ndipo Bwana Msa anaposomeka.

Nimekuwa nikiwaambia tangu mkiwa wadogo kwamba kisa cha Bwana Msa hakiharakishwi. Yule bwana hakimbizani na wahalifu barabarani. Huketi na kiko chake, akauliza jambo linaloonekana dogo, akamwacha mwenzake, Najum, ahangaike na mawazo yake, na msomaji ahangaike pamoja naye. Muhammed Said Abdulla, aliyemtunga, alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima, Mkulima, kuanzia mwaka 1958 hadi 1968, nami naamini kwamba mtu aliyewaandikia wakulima miaka hiyo yote alijua vyema jinsi watu wanavyoishi wakitazama mawingu. Tena fikiria waliomsoma mwanzoni: Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na Kisima cha Giningi hakikutoka mpaka mwaka 1968. Walingoja miaka 8, nawe unataka watoto wamalize kitabu ndani ya wiki moja ili wapande basi wakiwa wameshajua nani alifanya nini!

Unaikumbuka mvua ya mwaka 1998, ile ya El Niño, ingawa wewe ulikuwa ukisinzia mapajani mwangu kabla sura haijafika katikati. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, magari ya Dar es Salaam yalivushwa Rufiji kwa kivuko, na tope lilipozidi hakukuwa na kitu kilichotufikia, si gazeti wala sukari. Ndani ya nyumba tulikuwa na Kisima cha Giningi peke yake, na taa moja. Marehemu baba yako nami tukapatana kusoma sura moja kila usiku kwa sauti, leo yeye, kesho mimi, na asiwepo wa kutangulia. Sijapata kufurahia kitabu namna ile. Mchana nikipalilia nilikuwa nawashuku wahusika mmoja baada ya mwingine, na jioni tulibishana mpaka uji ukapoa.

Kisha mvua ikakatika kwa siku chache, naye akashuka bondeni kulinda mahindi, ngedere walikuwa wamezidi. Kitabu alikwenda nacho. Aliporudi, ilikuwa zamu yake ya kusoma, na kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza nilijua kwamba ameshakimaliza. Hakuniambia neno. Ila sauti yake ilipunguza mwendo kila lilipotajwa jina moja, na mahali ambapo jana yake angeshangaa, hakushangaa. Nilisikiliza mpaka mwisho bila kumwuliza, na mwisho ulipofika sikuwa na cha kugundua.

Nimemlaumu moyoni na kumtetea miaka yote hii. Dunguni hakuna wa kuzungumza naye, mchana ni mrefu, na kitabu kizuri kiko mkononi, nani angejizuia? Lakini tulikuwa tumepatana. Lakini tena, aliendelea kunisomea kila zamu yake, akijitahidi kwa nguvu zote nisijue, na huo nao ulikuwa upendo. Ninayo hukumu, mwanangu, na imenifika kwenye ncha ya kalamu ninapoandika haya. Sitaiandika, kwa kuwa yeye hayupo wa kujibu.

Sasa kitabu. Kaka yako alianza na Siri ya Sifuri bila kuvijua vilivyotangulia, na hakupotea, kwa sababu kila kisa kinajitosheleza. Hata hivyo mimi ningependa wamjue Bwana Msa kama alivyojitokeza mara ya kwanza, kwa hiyo nunua Mzimu wa Watu wa Kale. Usiwape huko. Kisa cha Bwana Msa hakiharakishwi, na Desemba mvua itakuwa imeshatufungia ndani. Nunua nakala moja tu, ifunge vizuri kwenye nailoni isilowe njiani, na wakifika wanikabidhi mimi mwenyewe. Itakaa chumbani kwangu, itatoka jioni, na baada ya sura itarudi chumbani. Mjomba wao amekwisha kuniambia kwamba atapenda kuwachukua shambani mvua ikikatika. Wataenda, na kitabu kitabaki.

Msalimie mkweo, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mimi mama yako